Mgomo ni Silaha ya Mwisho: Maisha ya Tom Mboya

Katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Singida yupo mtu aishiye kwa mshahara. Huyu ni mwalimu, yule ni dereva wa lori, wa tatu afanya kazi katika kinu cha kukamua alizeti, wa nne ni muuguzi hospitalini. Na katika nyumba hizo swali moja halikomi kuzuka jioni baada ya chakula: mfanyakazi aliyeonewa afanye nini? Wapo wazee wasemao kwamba mgomo ni uasi, na kwamba aliyepata kazi na ashukuru, anyamaze. Wapo vijana wasemao kwamba mwajiri hasikii ila anapoona mashine zimesimama, na kwamba chama cha wafanyakazi kisichogoma ni sawa na mbwa asiye na meno. Baba na mwana hubishana, na mara nyingi hulala bila kuafikiana.

Hatukusudii kuyakata mabishano hayo kwa neno moja. Twaona ni afadhali kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelikabili swali hili kutoka pande zote mbili: kwanza akiwa kiongozi wa wafanyakazi, kisha akiwa waziri wa serikali aliyepaswa kuwatuliza wafanyakazi wale wale. Mtu huyo ni Thomas Joseph Mboya, Mkatoliki wa Kenya, ambaye aliuawa mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, umri wake ukiwa miaka 38. Alikuwa mtu wa nchi jirani, lakini kazi yake haikuishia mpakani. Vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika navyo vilipata kwake msaada wakati vilipokuwa vichanga, na hiyo ni sababu nyingine ya kumkumbuka.

MTOTO WA SHAMBA LA MKONGE

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba kubwa la mkonge lililokuwa mali ya Wazungu. Baba yake, Leonard Ndiege, na mama yake, Marcella Awuor, walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, nao walikuwa wameiacha nchi yao kwa kutafuta riziki. Baba alikuwa nyapara shambani. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na nyumba yake ilikuwa ya shamba. Siku atakapoachishwa kazi, ataachishwa na paa la kujihifadhi.

Wasomaji wa Singida hawana haja ya kuelezwa sana juu ya maisha ya namna hiyo. Babu zetu wengi, Wanyaturu kwa Wanyiramba, walishika njia kwenda kwenye mashamba ya mkonge na ya walowezi huko kaskazini, ili wapate fedha ya kodi na ya nguo. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Waliwaacha wake zao na mifugo, mtama na uwele, na wengine hawakurudi. Aliyekatwa mshahara bila haki hakuwa na mtu wa kumsemea. Aliyemjibu msimamizi alifukuzwa, na mwingine alichukua mahali pake kesho yake. Katika hali hiyo ndimo alimokulia mtoto wa Leonard Ndiege.

Lakini shamba lilimpa pia jambo jema. Wafanyakazi wake walitoka katika makabila mengi, na mtoto yule alijifunza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na lugha ya wazazi wake. Alipokuwa mtu mzima aliweza kusimama mbele ya umati wa watu mchanganyiko na kusema nao bila mkalimani. Aliona mapema kwamba Mkamba na Mjaluo wakikata mkonge katika mstari mmoja, jua linalowachoma ni moja, na mshahara usiotosha ni mmoja.

Baba yake, ingawa fedha ilikuwa haba, alimpeleka shule. Alianza katika shule ya misheni katika nchi ya Wakamba, akaendelea St Mary's ya Yala, na mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College ya Mang'u, shule iliyokuwa chini ya mapadri. Huko hakumaliza masomo kama alivyotaka, kwa maana karo ilishinda uwezo wa baba, na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Basi akachagua shule ambayo mwanafunzi hakulipa bali alilipwa posho kidogo: akajifunza kazi ya bwana afya.

BWANA AFYA WA NAIROBI

Mwaka 1951 Mboya aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kukagua maduka, nyama, maziwa na usafi wa nyumba. Bwana afya wa Kizungu alifanya kazi ile ile, akalipwa mshahara mara nyingi zaidi. Siku moja, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1963, mwanamke wa Kizungu aliingia katika maabara na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama kijana aliyekuwa amesimama mbele yake, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Jambo dogo, lakini latuonyesha wazi namna mfanyakazi Mwafrika alivyohesabiwa siku zile: kazi yake ilionekana, yeye mwenyewe hakuonekana.

Watumishi Waafrika wa Baraza walikuwa na chama chao, lakini kilikuwa cha kukutana na kustarehe zaidi kuliko kutetea haki. Mboya alikishika akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi kilichoandikishwa kwa sheria. Alikwenda kwa wafagiaji wa barabara na wazoa taka, watu ambao makarani hawakupenda kukaa nao, akawaeleza faida ya kujiunga. Mwaka 1953 aliiacha kazi ya bwana afya, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 23 tu, akachaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambalo baadaye liliitwa Kenya Federation of Labour.

Wakati ule ulikuwa mbaya. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Chama cha siasa cha Waafrika kilikuwa kimepigwa marufuku, na viongozi wengi wa wafanyakazi walikuwa kizuizini. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakakamata watu kwa makumi ya maelfu, na wengi wao walikuwa wafanyakazi. Shirikisho la Mboya likawa karibu sauti pekee ya Waafrika iliyosalia kwa ruhusa ya sheria. Aliitumia sauti hiyo kulalamika juu ya waliofungwa bila hukumu na jamaa zao waliofukuzwa katika nyumba. Serikali ilimwonya, na mapema mwaka 1956 ilitishia kulifuta shirikisho lote kwa kuwa lilijiingiza katika siasa. Yeye alitembea katikati ya mambo mawili: asinyamaze hata akawa kibaraka, wala asiropoke hata akawapoteza wafanyakazi chombo chao cha mwisho.

MAKULI WA MOMBASA

Sasa twafika kwenye jambo lililomtangaza. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mgomo ulizuka wenyewe kutoka chini. Maisha ya mjini yalikuwa ghali, mshahara ulikuwa haukui, na watu walikuwa wamechoka. Watu wapatao elfu kumi waliacha kazi. Meli zilikaa na shehena zake, na shehena za Mombasa ndizo zilizolisha Kenya na Uganda. Askari waliletwa kulinda bandari, na ilionekana kwamba neno moja baya lingetosha kumwaga damu.

Mboya alisafiri kutoka Nairobi. Hakuwa amewaanzishia mgomo ule, wala hakuwa na amri juu yao. Wengi hawakumjua kijana huyu aliyevaa suti. Alikaa na makuli, akasikia mashtaka yao; akakaa na waajiri, akasikia majibu yao. Kisha alifanya jambo gumu kuliko kuanzisha mgomo: aliwasihi watu wenye hasira warudi kazini, ili madai yao yapelekwe mbele ya baraza la usuluhishi. Alikuwa akihatarisha jina lake lote. Kama waajiri wangewadanganya baada ya kurudi, yeye ndiye angeitwa msaliti.

Makuli walirudi. Naye hakuwaacha, alisimama mbele ya wasuluhishi akaeleza kwa hesabu bei ya unga, kodi ya chumba na nauli, mpaka ikaonekana kwamba mshahara wa kuli haukutosha kumlisha kuli, sembuse mke na watoto. Uamuzi ulipotoka, makuli walipata nyongeza ya takriban theluthi ya mshahara. Tangu siku hiyo waajiri wa Kenya waliona kwamba mfanyakazi Mwafrika aweza kusema kwa hesabu na hoja. Na wafanyakazi nao waliona kwamba mgomo ulikuwa umefungua mlango, lakini aliyeingia ndani na kuleta chakula alikuwa mjumbe mwenye hoja.

Mwaka huo huo Mboya alifika Dar es Salaam. Vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilikuwa vidogo vidogo na vimetawanyika. Aliwashauri viongozi wake waungane, na mwezi wa Oktoba 1955 likaundwa shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Nguvu ya vyama hivyo ilifika hata kwetu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na stesheni za Manyoni na Itigi zilijua maana ya reli iliyonyamaza.

WATENGENEZA MAGARI WA MAREKANI

Baada ya Mombasa, Mboya alikwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin huko Oxford, kisha mwaka 1956 akazuru Marekani. Huko alionana na wakuu wa vyama vya wafanyakazi, na mmoja wao alikuwa Walter Reuther, kiongozi wa wafanyakazi wa viwanda vya magari. Yafaa tusimame kidogo hapa, kwa maana historia ya watu hao yatufundisha mengi.

Kiwanda cha magari ni mahali ambapo mfanyakazi husimama mahali pamoja, na gari huja mbele yake likivutwa na mkanda. Mmoja afunga skrubu hii, mwingine atia kioo, mwingine gurudumu, na mkanda haumngoji mtu. Mwenye kiwanda akiongeza mwendo wa mkanda, mikono ya watu hulazimika kukimbia. Mwaka 1914 Henry Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, na dunia ikashangaa kwa ukarimu huo; lakini yeye huyo hakutaka kabisa kusikia habari ya chama cha wafanyakazi. Alitaka kutoa kwa hiari yake, asidaiwe kama haki.

Tarehe 30 Desemba 1936, katika mji wa Flint, wafanyakazi wa kampuni ya General Motors waligoma kwa njia mpya. Badala ya kutoka nje waliketi ndani ya viwanda, karibu na mashine zao, ili mwajiri asiweze kuleta watu wengine. Walikaa siku 44 katika baridi kali, na wake zao wakawapelekea chakula. Tarehe 11 Februari 1937 kampuni ilikubali kuzungumza na chama chao. Mwezi wa Mei mwaka huo Reuther na wenzake walipigwa vibaya na walinzi wa Ford mbele ya kiwanda, wakiwa wanagawa karatasi za kuwaeleza watu habari za chama. Hata hivyo, mwaka 1941 Ford naye alikubali.

Mwisho wa habari ndio wenye mafunzo zaidi. Katika mwaka 1945 na 1946 chama hicho kiligoma siku 113 dhidi ya General Motors. Reuther alidai nyongeza ya mishahara, lakini alidai pia kwamba bei ya magari isipandishwe, ili mnunuzi maskini asilipishwe nyongeza ya mfanyakazi. Hakupata yote aliyotaka. Bali mwaka 1950 pande mbili zilitia sahihi mkataba wa miaka mitano: mishahara ipande gharama za maisha zipandapo, mzee astaafu na pensheni, na kampuni nayo ipate miaka mitano ya kazi tulivu. Watu waliokuwa wamepigana kwenye malango ya viwanda walikuwa wameketi mezani. Wala silaha haikutupwa kwa sababu ya mkataba. Mwaka 2023, tangu Septemba hadi mwisho wa Oktoba, chama hicho hicho kiligoma katika kampuni tatu kubwa, kikapata nyongeza ya asilimia 25 kwa muda wa mkataba.

Vyama vya Marekani vilimpa Mboya dola 35,000 za kujenga makao ya wafanyakazi mjini Nairobi. Jengo hilo lilijengwa, nalo limekuwa makao ya shirikisho la wafanyakazi wa Kenya hata baada ya yeye kufa. Lakini fedha hizo zilimletea pia maneno. Ulimwengu ulikuwa umegawanyika kati ya Magharibi na Mashariki, na wapinzani wake walimwita mtu wa Wamarekani. Twakiri kwamba shaka hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa mkono utoao huwa juu ya mkono upokeao. Chama cha wafanyakazi kilicho salama ni kile kiishicho kwa ada ya wanachama wake. Mboya alijua hivyo, lakini wanachama wake walikuwa maskini, na wengi wao walikuwa kizuizini.

KUTOKA MAKAO YA WAFANYAKAZI KWENDA BARAZA LA MAWAZIRI

Mambo yaliyofuata yajulikana na wengi, nasi tutayapita upesi. Mwezi wa Machi 1957 alichaguliwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliuongoza mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra. Mwaka 1959 alifanya mpango wa kuwapeleka vijana Marekani kusoma, na ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa chama cha KANU. Januari 1962 alimwoa Pamela Odede. Na mwaka huo huo akafanywa Waziri wa Kazi.

Hapo ndipo swali letu lilipomgeukia. Uhuru ulikuwa unakaribia, na kila mfanyakazi alitumaini kwamba uhuru ungekuja na mshahara. Migomo ilifuatana nchini Kenya, mashambani, viwandani na katika ofisi. Mtu aliyepata jina lake kwa kuwatetea wagomaji sasa alikuwa ameketi upande wa pili wa meza.

Hakuwaita waasi, wala hakuwaacha wafanye watakavyo. Mwezi wa Oktoba 1962 aliwaleta pamoja waajiri, shirikisho la wafanyakazi na serikali, wakatia sahihi hati ya maelewano. Waajiri waliahidi kuvitambua vyama na kutowaadhibu watu kwa kujiunga navyo. Vyama viliahidi kutogoma kabla ya kumaliza hatua zote za mazungumzo na usuluhishi. Mwaka 1964 ikasimamishwa mahakama maalumu ya kukata mashauri ya kazi. Kwa maneno mengine, kile alichokifanya Mombasa kwa kinywa chake sasa alikiandika kuwa utaratibu wa nchi.

Hata hapa twaweza kumsifu bila shaka. Lakini mwandishi wa maisha ya mtu hapaswi kuchagua mema peke yake. Mwaka 1965, vyama vya Kenya vilipokuwa vimegombana wenyewe kwa wenyewe, serikali ambayo Mboya alikuwa mmoja wa vichwa vyake iliyavunja mashirikisho yaliyoshindana ikaunda moja tu, COTU. Na Rais wa nchi akapewa uwezo wa kumteua katibu mkuu wake miongoni mwa majina aliyopelekewa. Sheria ya mwaka huo ilimpa Waziri uwezo mkubwa wa kuuharamisha mgomo. Kwetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1962 sheria iliifunga migomo kwa masharti mazito. Na baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 viongozi kadhaa wa wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Nchi zetu zilikuwa changa na maskini. Wenye mishahara walikuwa wachache, na wakulima walikuwa wengi. Ikiwa karani na kuli watagoma kila mwezi, nani atajenga zahanati ya mkulima? Mboya aliamini kwamba mfanyakazi wa nchi huru hana budi kupima madai yake kwa hali ya jirani yake asiye na mshahara kabisa. Neno hili ni zito, nasi tunalikubali.

Lakini lina nusu ya pili ambayo haikutimizwa. Ukimwambia kuli afunge mkanda kwa ajili ya taifa, huna budi kumfungisha mkanda na mkubwa. Haikuwa hivyo. Katika Kenya wakubwa wengine walijipatia mashamba na makampuni. Katika Tanzania, ambako siasa ilikuwa ya namna nyingine, wasimamizi wa viwanda vya umma wengine waligeuka mabwana wapya, hata baada ya Mwongozo wa mwaka 1971 wafanyakazi wakawafungia nje mameneja wao. Chama ambacho kiongozi wake huteuliwa na serikali hakiwezi kuiambia serikali kwamba imekosa. Mboya aliyetishiwa mwaka 1956 na Waingereza kwa sababu shirikisho lake lilisema ukweli, alikubali mwaka 1965 shirikisho ambalo lingeona taabu kuusema. Hilo ndilo doa tunaloliona katika kazi yake, na hatutendi haki tukilificha.

KIFO

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, wakati wa mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road mjini Nairobi. Alipigwa risasi mlangoni, akafa. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alihukumiwa akanyongwa mwaka huo huo. Lakini watu hawakuacha kuuliza kama alikuwa peke yake. Misa ya kumwombea ilisomwa katika kanisa la Familia Takatifu. Nje ya kanisa umati wenye uchungu ulirusha mawe, hata motokaa ya Rais ikapigwa, na moshi wa kutoa machozi ukaingia mpaka kanisani. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake. Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa Nairobi, si mbali na mahali alipoanguka.

Miaka michache baada ya kifo chake, katika miaka ya 1970, kiwanda cha kuunganisha magari kilianzishwa Thika, jirani na shamba alikozaliwa. Mahali ambapo baba yake aliwahesabia watu mistari ya mkonge, vijana wakafunga skrubu za malori. Zao lilikuwa jingine, lakini swali la wafanyakazi lilikuwa lile lile la makuli wa Mombasa na la watu wa Flint.

TUJIFUNZE NINI

Tukirudi kwenye mabishano ya nyumbani, twaona kwamba maisha haya yamjibu mzee na kijana pia.

Yamjibu mzee asemaye kwamba mgomo ni uasi. Kama makuli wa Mombasa wasingeacha kazi, hakuna baraza la usuluhishi ambalo lingeitwa. Kanisa nalo limefundisha tangu waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Na Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, alieleza kwamba mgomo ni njia halali pale sababu ya haki ipo, ila ni njia ya mwisho, na haifai kugeuzwa mchezo wa siasa. Anayenyamaza daima hamheshimu mwajiri wake. Amwacha azidi kudhulumu.

Yamjibu pia kijana adhaniye kwamba kugoma ndiyo kazi yote ya chama. Mgomo hula kwanza chakula cha mgomaji mwenyewe. Kisha huwapata watu ambao si mwajiri wala si mfanyakazi. Mwezi wa Aprili 1955 madai ya makuli wa Mombasa yalikuwa mezani; mwezi wa Aprili 2015, madereva wa mabasi walipogoma nchini Tanzania, mikataba ya kazi ikiwa moja ya madai yao, abiria walikwama stendi pamoja na watoto na wagonjwa. Madai ya mkataba yalikuwa ya haki. Lakini mama aliyekuwa stendi hakuwa mwenye basi. Kiongozi mwema ni yule amwonaye na mama huyo pia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka njia ambayo Mboya angeitambua. Shauri hupelekwa kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wapatanishi hupewa siku 30. Wakishindwa, wanachama hupiga kura. Wengi wakikubali, mwajiri hupewa taarifa ya saa 48, ndipo watu waweke chini vyombo vya kazi. Wahudumu wa hospitali, maji na umeme wamewekewa masharti ya peke yao, kwa kuwa uhai wa watu umo mikononi mwao. Ni wafanyakazi wangapi wa vinu na malori yetu waijuao njia hii? Wengi hawana hata mkataba ulioandikwa, na aliye peke yake bila mkataba hawezi kupiga kura na yeyote.

Basi kazi ya kwanza ni kujiunga, kulipa ada, kuhudhuria mikutano na kuchagua viongozi wasionunuliwa, ama na mwajiri, ama na chama cha siasa, ama na fedha ya mgeni. Ya pili ni kujifunza hesabu za kazi, ili siku ya mazungumzo mjumbe aende na bei ya unga mkononi na asiende na hasira peke yake. Mgomo ubaki ukutani kama mkuki wa babu: mkali, umepakwa mafuta, na kila mtu nyumbani ajua ulipo. Na mwajiri mwenye busara, aingiapo nyumba ile na kuuona, ataketi azungumze.

Kwa waajiri wetu, ambao wengi wao ni wasomaji wa gazeti hili na twasali nao kanisa moja, twawaomba wakumbuke kwamba Leonard Ndiege alikuwa nyapara asiyejulikana katika shamba la mtu, na mtoto wake akawa waziri. Mlinzi anayewafungulia lango na kijana anayebeba magunia ya alizeti nao wana watoto. Kumlipa mtu haki yake kabla hajaidai ni nafuu kuliko kuidaiwa barabarani.